Nyuzi

Mwandishi wa gazeti ameketi sebuleni kwangu,
kinasa sauti chake juu ya kitambaa cha meza.
Kwa nini Zamu ya Tatu walipiga kwa kelele namna ile?
Ulikuwa uasi, sivyo?
Rudia, mwanangu, na useme upande wa kulia.
Sikio la kushoto nililiacha kiwandani.

Hapa Łódź sote tulikuwa watu wa nyuzi.
Mama alisimamia mitambo kumi na miwili ya kufumia
kwa miaka ishirini na minane,
na aliporudi nyumbani tulisema naye kwa midomo na vidole,
kama samaki nyuma ya kioo.
Ireneusz, mdogo wangu, aliimba jikoni.
Mama alitazama koo lake likipanda na kushuka.
Anaimba nini? aliniuliza,
nami nikamwandikia kwenye unga wa mezani.

Ndipo gitaa likazaliwa, mwaka wa sabini na saba,
kutoka mlango wa kabati la bibi, bawaba zake zingalipo,
na kikuza sauti kilichoibwa
(andika: kilichoazimwa)
katika sinema iliyofungwa.
Bogumił alishika besi.
Wacek, mtoto wa mpakua makaa,
alipiga pipa la bati la kabichi chachu
mpaka jirani wa juu akapaza sauti:
debe tupu haliachi kuvuma!
Si tupu, akajibu. Kabichi bado imo.

Onyesho la kwanza lilikuwa kantini ya kiwanda,
saa tatu usiku, kabla ya zamu iliyowapa jina.
Mama alikaa mbele, vumbi la pamba kwenye nyusi.
Wimbo wa kwanza, hakuna kitu.
Wa pili, Ireneusz akazungusha kitufe hadi mwisho,
vijiko vikaanza kutembea mezani,
na mama akaweka kiganja kifuani
kama mtu aliyesikia hodi mlangoni kwake
na hakuwa akimtarajia mgeni.
Kelele yote ya miaka kumi na mmoja
ilianzia hapo.

Mengine unayajua, yamo vitabuni mwenu.
Bwana wa kalamu nyekundu aliyelifuta neno "usingizi"
bila kujua sababu, ila lilimkera,
nao wakaliachia pengo, wakanyamaza mahali pake,
na watu elfu tatu wenye matope magotini wakalijaza.
Kipupwe kile cha vifaru barabarani,
simu zilizojitangaza zenyewe kwamba zinasikilizwa,
mazoezi chini ya blanketi, nyuzi zikiguswa bila umeme.
Santuri. Hamburg.
Koti moja la ngozi, watu watatu.

Hili hamkuliandika: serikali haikuwavunja.
Waliwavunja koti, na karatasi ya mirabaha
iliyosema wimbo wa mama ameutunga Ireneusz peke yake.
Bogumił aliisoma akiwa amesimama,
akaikunja mara nne, akaomba apewe chumvi.
Mwezi uliofuata alikuwa Chicago,
juu ya ngazi, akipaka rangi nyumba za watu.
Wacek tulimzika mwezi Machi. Ini.
Udongo ulikuwa mgumu, walileta shoka.

Mama alikuwa kitandani siku mitambo ilipozimwa,
mitaa miwili kutoka hapa.
Aliketi ghafla, akasema kwa ile sauti kubwa ya viziwi:
Mbona kimya hivi?

Sasa kiwanda kile kinauza viatu na manukato.
Sura zao wamezichora ukutani, karibu na ngazi za umeme;
pua ya Bogumił wameikosea.

Ireneusz huja Jumapili. Masikio yake nayo yamekwisha.
Nakata keki ya mbegu za mpopi, tunawasha redio,
tunalaza viganja juu ya meza, hapo hapo
ulipoweka kinasa sauti chako.
Mbao zikitetemeka, hunitazama mdomoni:
ni sisi?
Nageuza sikio langu zima.
Wakati mwingine ni wao.
Wakati mwingine ni tramu.
Huwa namwambia ndiyo.